Gemu ya Zawadi kwa Kijana: Angalia Umri, Halafu Angalia Pochi

Disemba iliyopita niliingia duka moja hapa Luthuli Avenue, Nairobi, nikiwa na mpango mwepesi: ninunue gemu ya PlayStation, nilipe kwa simu, niende zangu. Mpwa wangu alikuwa ametimiza miaka 13 na amefunga shule na matokeo mazuri. Na muhula mzima wimbo wake ulikuwa mmoja tu: "Anti, si uninunulie GTA?"

Muuzaji hakuuliza gemu ni ya nani. Alinyoosha mkono, akaniwekea mbele. "Hii ndiyo inatoka sana, madam. Mia thelathini na tano." Yaani 3,500. Nilikuwa nimeshatoa simu nilipoona namba 18 pale chini ya kava, kwenye kibanda chekundu. Nikauliza inamaanisha nini. Akacheka: "Hiyo ni ya wazungu."

Sikununua. Nikarudi kwa dada yangu nikiwa mikono mitupu, nikamwambia kijana achukue gemu ya bure kwenye simu ya mamake kwanza, tukiendelea kufikiria. Bure ni bure, sivyo?

Wiki mbili baadaye dada yangu alikuwa anapanga pesa za kodi ya nyumba, hesabu ikakataa. Akaomba taarifa ya miamala yake. Shilingi 100. Shilingi 250. 100 tena. 500. Zote zilikwenda kununua sarafu na nguo za mhusika ndani ya ile gemu ya bure. Jumla: 4,850. Yaani "bure" ilitugharimu kuliko ile diski niliyoiacha dukani.

Alipomwita kijana, hakukana. Alisema tu, "Mum, si wewe huniambia niingize PIN nikienda dukani?" Na ni kweli. Kila jioni alikuwa anatumwa maziwa na unga na simu mkononi, analipa kwa till, anarudi. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba PIN ya unga si PIN ya gemu.

Nimeandika makala hii ili wewe usilipe ada ile ile tuliyolipa sisi. Gemu ina bei mbili: ile ya kwenye kava na ile ya ndani. Zawadi nzuri kwa kijana wa miaka 12 hadi 14 ni ile ambayo umeangalia zote mbili kabla ya kuingiza PIN.

Kwanza, soma namba

Si "ya wazungu." Ni ya mtu yeyote anayenunua. Kwenye maduka yetu utakutana na lebo za aina mbili, kutegemea nakala ilitoka wapi.

PEGI ni mfumo wa Ulaya ulioanza mwaka 2003. Unatumia namba: 3, 7, 12, 16 na 18. Hiyo namba ni umri ambao chini yake gemu haifai. ESRB ni ya Marekani, ilianza 1994, na inatumia herufi. E ni ya kila mtu. E10+ ni kuanzia miaka 10. T ni kuanzia 13. M ni kuanzia 17.

Kama umezoea alama za KFCB kwenye filamu, GE, PG, 16 na 18, wazo ni lile lile. Huwezi kumkalisha mtoto wa miaka 13 mbele ya filamu ya 18 eti kwa sababu alipata alama nzuri. Gemu nayo ni hivyo. Tofauti ni kwamba kwenye filamu anatazama mtu akipigwa risasi. Kwenye gemu anayefyatua ni yeye.

Grand Theft Auto V, iliyotoka mwaka 2013, ni PEGI 18 na ESRB M. Ina mauaji, dawa za kulevya, ngono na mateso. Haijalishi ni watoto wangapi mtaani wanaicheza pale kwenye kibanda cha PS.

Jambo moja la kukumbuka: lebo hizi mbili hazikubaliani kila mara. Marvel's Spider-Man ya mwaka 2018 ni T kule Marekani, yaani 13, lakini Ulaya ni 16. Ukikuta hali kama hiyo, tafuta video ya mtu akiicheza kwenye YouTube, itazame dakika kumi, halafu uamue. Unamjua mtoto wako kuliko Ulaya na Marekani.

Na ukiuziwa diski haina kava, huna lebo. Uliza jina kamili la gemu, utafute alama yake kwenye tovuti ya PEGI au ya ESRB kabla ya kulipa.

Pili, soma maandishi madogo

Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Namba inakuambia mtoto ataona nini. Haikuambii pesa zako zitaenda wapi.

Chukua EA Sports FC 25, gemu ya mpira inayopendwa sana huku kwetu. Ni PEGI 3, hakuna damu, hakuna matusi. Lakini lebo hiyo hiyo inataja ununuzi ndani ya gemu, pamoja na vitu vya kubahatisha. Maana yake ni hii: mchezaji anaweza kununua pakiti bila kujua atapata mchezaji gani ndani yake. Pengine Mbappé, pengine mtu asiyemjua. Asipompata, anajaribu tena. Gemu yenyewe inachezeka vizuri bila kununua hata pakiti moja, lakini mtoto lazima ajue hivyo tangu siku ya kwanza, na akisikie kutoka kwako.

Kwenye simu, maneno ya kutafuta yako chini ya jina la gemu pale unapoipakua, yakisema kwamba ina ununuzi wa ndani. Ukiyaona kwenye gemu ya "bure", ujue biashara iko ndani.

Usidhani ni sisi tu. Disemba 2022, FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja, lilitangaza kwamba Epic Games, wenye Fortnite, watalipa dola milioni 520. Milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wateja. Moja ya malalamiko ilikuwa kwamba kwa muda fulani watoto waliweza kununua kwa kubonyeza tu, bila mzazi kuulizwa chochote. Kama wazazi wa huko walipatikana, na sisi tunaweza kupatikana.

Tatu, nani yuko upande wa pili?

Gemu nyingi siku hizi huchezwa mtandaoni, na watu wanaongea wakicheza. Mpinzani wa kijana wako anaweza kuwa mwanafunzi wa Nakuru au mtu mzima asiyemjua kabisa. Kabla ya kununua, uliza: inahitaji intaneti? Ina maongezi? Yanaweza kuzimwa?

Mpe kijana sheria tatu za kushika kichwani: hatoi jina la shule, hatumi picha, na hampi mtu namba ya simu ya nyumbani. Wakora wengi wa pesa za simu wanaanza na namba tu.

Nne, mashine na bando

Zawadi isiyofanya kazi ni aibu ya watu wawili, aliyetoa na aliyepokea. Uliza wana mashine gani hasa. Diski ya PS4 inaingia kwenye PS5 yenye tundu la diski, lakini ya PS5 haiingii kwenye PS4. Na ile PS5 ya aina ya Digital haina tundu kabisa.

Halafu kuna intaneti. Gemu kubwa zinapita GB 50, na baadhi zinafika 100. Kama nyumbani hakuna Wi-Fi na watu wanaishi kwa bando za siku, unampa mtoto zawadi na mamake bili. Nyingine, kama Gran Turismo 7, zinataka intaneti karibu muda wote hata ukicheza peke yako.

Tano, unapolipa

Ukilipa dukani kwa till, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama si la duka, simama, uliza.

Ukinunua kwa muuzaji wa mtandaoni usiyemjua, usitume pesa kwanza. Ione diski, iingize kwenye mashine, ndipo ulipe. Na weka ule ujumbe wa kuthibitisha muamala. Ndio risiti yako.

Jihadhari na gemu ya "akaunti ya pamoja". Hapo unauziwa nenosiri la akaunti ya mtu mwingine kwa bei nafuu. Siku mwenyewe akibadilisha nenosiri, gemu imeenda na pesa imeenda. Isitoshe, akaunti hiyo ni ya mtu mzima, kwa hiyo ulinzi wote wa watoto umezimwa.

Kadi za zawadi nazo zina nchi. Kadi ya PlayStation ya Marekani haifanyi kazi kwenye akaunti iliyofunguliwa Uingereza. Muulize kijana akaunti yake iliandikishwa nchi gani kabla hujalipa.

Sita, funga pochi kabla ya kufungua zawadi

Haya ndiyo tuliyofanya kwa dada yangu, na yalichukua jioni moja:

- Tulibadilisha PIN. Sasa kijana akitumwa dukani anapewa pesa taslimu, au mamake anamlipa muuzaji mwenyewe akiwa nyumbani. PIN ni ya mtu mmoja. Hata mtoto mwaminifu hapewi, kwa sababu siku pesa zikipotea utamshuku yeye kwanza.
- Tuliweka Play Store iulize uthibitisho kila mara kitu kinaponunuliwa.
- Tulitumia Family Link ya Google, ambapo mzazi anaidhinisha gemu kabla haijapakuliwa na anaweka muda wa kucheza.
- Kwenye PlayStation tulimfungulia akaunti ya mtoto. Mzazi anaweka umri wa gemu zinazofunguka, anazima maongezi, na anapanga kiasi cha kutumia kwa mwezi. Tuliweka sifuri. Xbox nayo ina mipangilio kama hiyo.
- Dada yangu sasa anapitia taarifa ya miamala kila Jumapili. Shilingi 100 haishtui mtu. Shilingi 100 mara thelathini ni 3,000.

Ukiona malipo usiyoyatambua, piga simu huduma kwa wateja siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Sisi tulichelewa. Sarafu zilikuwa zimeshatumika na pesa haikurudi.

Basi ninunue gani?

Hizi ni nne za kuanzia, kwa kijana wa miaka 12 hadi 14:

- Minecraft (PEGI 7, ESRB E10+). Anajenga, anachimba, anafikiri. Inapatikana kwenye simu, kompyuta na mashine karibu zote. Ina duka ndani yake, kwa hiyo weka kikomo.
- Astro Bot (PEGI 7, ESRB E10+). Ya PS5 pekee. Ilishinda gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2024.
- Gran Turismo 7 (PEGI 3, ESRB E). Kwa mpenda magari, kama nyumbani kuna intaneti ya kutosha. Nayo inauza pesa za gemu kwa pesa halisi.
- It Takes Two (PEGI 12, ESRB T). Haichezwi na mtu mmoja. Lazima muwe wawili, na mnaweza kukaa kochi moja. Hadithi yake ni ya wazazi wanaotaka kuachana, kwa hiyo jiandae kuulizwa maswali.

Mwishowe hiyo ya nne ndiyo tuliyonunua, mwezi wa pili, kwenye duka jingine. Lakini kabla ya hapo tulikaa chini na kijana tukamwonyesha zile 4,850 kwenye karatasi, mstari kwa mstari, bila kumpigia kelele. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Hiyo ni unga ngapi?" Tukapiga hesabu pamoja. Hajaomba sarafu tena.

GTA bado anaiomba. Jibu letu ni lile lile: namba iko kwenye kava, tutaongea ukifika 18. Kwa sasa, Jumamosi jioni ukipiga simu pale kwao, hutapokelewa. Mama na mtoto wako kwenye kochi, kila mmoja na kidhibiti chake, wanalaumiana nani ameanguka kwanza.