Kulabu ya Haramia: Utengenezaji Wake kwa Maleba ya Jukwaani

Kulabu ya haramia ni kifaa cha maleba kinachomfanya mwigizaji aonekane amepoteza kiganja na kuwekewa chuma kilichopinda. Umaarufu wake umetoka zaidi jukwaani kuliko baharini: tamthilia ya J. M. Barrie, Peter Pan, iliyoonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1904, ndiyo iliyomleta haramia Kapteni Hook. Barrie aliiweka kulabu mkono wa kulia. Filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1953 iliihamishia kushoto. Mpangilio huu wa pili humfaa mwigizaji anayetumia mkono wa kulia, kwani mkono huo hubaki huru kushika upanga.

Kifaa kina sehemu tatu: kikombe cha kufunika ngumi, kulabu yenyewe na mpini wa ndani. Katika kijiji kama Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, vifaa vyake hupatikana nyumbani.

Kikombe hutengenezwa kwa kibuyu kikavu, chombo cha siku nyingi katika nyumba za Wagogo wa huko, kwa kuwa ni chepesi na kigumu. Kibuyu hulowekwa kwanza ili kisipasuke, kisha hukatwa kwa msumeno mdogo hadi libaki bakuli linalopokea ngumi bila kuibana. Ukingo husuguliwa kwa msasa. Kibuyu kisipopatikana, kopo la plastiki hutosha. Kitakoni hutobolewa matundu mawili yaliyoachana kama sentimita 3. Tundu moja huiacha kulabu izunguke ovyo.

Kulabu huanza na waya wa henga ya nguo uliokunjwa mara mbili. Upande wa mkunjo hupindwa kwenye chupa ili upate umbo, na kwa njia hiyo ncha huwa ya mviringo, haichomi. Miguu miwili ya waya hupitishwa kwenye matundu na kuzungushwa kwenye kijiti kifupi ndani ya kikombe. Kijiti hicho ndicho mpini. Ncha za waya hufunikwa kwa tepu hadi zisiguse ngozi.

Waya hunenepeshwa kwa vipande vya gazeti vilivyochovywa katika uji mzito wa unga wa ngano. Kila tabaka hukauka kabla ya jingine kuongezwa, la sivyo unyevu hubaki ndani na kuleta ukungu. Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, hurahisisha kazi hii. Mwishoni kulabu hupakwa rangi ya fedha. Kikombe hupakwa masizi yaliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, ambayo huyazuia yasichafue nguo. Mkono mpana wa shati la mtumba hushonewa kwenye ukingo ili kuficha kifundo.

Nondo, misumari na bati havifai: ni vizito au hukata, na waigizaji watoto hukimbia na kugongana.

Kulabu zipo pia katika maisha halisi. Mmarekani D. W. Dorrance, aliyepoteza mkono wake wa kulia, alipata hataza mwaka 1912 ya kulabu yenye vidole viwili vinavyofunguliwa kwa kamba inayovutwa na bega, na muundo huo bado unatumika. Nchini Tanzania, mafundi wa viungo bandia hufunzwa katika chuo cha TATCOT mjini Moshi. Kwa kuwa wapo watu halisi wanaotumia viungo kama hivyo, igizo jema humfanya haramia atishe kwa wizi na ukatili wake. Mkono uliokatika haupaswi kuwa alama ya ubaya wala kichekesho.