Karatasi nzito kwenye unyevu wa Mbamba Bay

Picha ya harusi ya kutundikwa sebuleni haifai kuchapwa kwenye karatasi ileile ya picha za paspoti. Anayetaka wajukuu waje waione huagiza karatasi nzito inayong'aa, ya gramu 300 au zaidi kwa mita ya mraba. Ile ya kawaida ya ofisini ni gramu 80 tu. Hahnemühle, kiwanda cha Ujerumani kilichoanza mwaka 1584, hutengeneza moja ya gramu 315, ya pamba tupu, yenye tabaka la barita. Barita ni unga mweupe wa madini, na karatasi nyingi za picha za nyeusi na nyeupe zilizosafishwa kwenye vyumba vya giza karne iliyopita zilikuwa nao. Ni karatasi ya bei, na ukiharibu moja umeumia.

Kwa Mbamba Bay, mji wa kando ya ziwa, uharibifu waweza kuanza kabla printa haijawashwa. Mzigo unaotoka Songea hupita kwenye baridi ya Mbinga, kisha huteremka milima ya Umatengo hadi ziwani, mahali pasipofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Pakiti ya baridi ikifunguliwa papo hapo kwenye joto la ufukweni, unyevu wa hewa hutua juu ya karatasi. Iache imefungwa mpaka kesho yake.

Masika ndiyo mtihani wenyewe. Uso uliopakwa dawa na mgongo wa karatasi havinyonyi unyevu sawasawa, kwa hiyo karatasi hupinda. Kona ikiinuka hata kidogo, kichwa cha printa kinachopita juu yake huiparua na kuacha mstari wa wino, na kichwa chenyewe chaweza kuumia. Mafundi hulaumu mashine, lakini mara nyingi mashine haina kosa. Toa karatasi mojamoja, rudisha zilizobaki kwenye mfuko wake na uufunge vizuri. Iliyopinda izungushe taratibu kinyume cha mpindo, uso ukiwa umefunikwa kwa karatasi safi, na usiikunje kamwe.

Wakati wa kuchapa, usiiweke karatasi nzito kwenye treya ya mbele. Humo karatasi hugeuzwa nusu duara kuzunguka rola, na nzito hukataa kugeuka: inakwama, au tabaka la juu linapasuka. Ipitishe mlango wa nyuma, mojamoja, huku mkono ukiubeba mkia wake mpaka rola ziushike. Chagua mpangilio wa karatasi nene, ili kichwa kiinuke. Ishike pembeni tu, kwa glavu za pamba, maana jasho la vidole huacha alama isiyofutika.

Printa zenye wino mweusi wa aina mbili zinahitaji umakini: kwa karatasi inayong'aa tumia mweusi wa picha, si ule wa karatasi zisizong'aa, ambao hubaki juu na kufutika kwa kidole. Kama studio ina betri ya akiba, chomeka printa hapo; umeme ukikatika katikati, karatasi hiyo ndiyo imekwenda.

Ikishatoka, ilaze uso juu mahali pasipo vumbi, siku nzima, kabla ya fremu. Ikiwa wino ni wa rangi iliyoyeyushwa, mwambie mteja asiitundike mkabala na dirisha linalopigwa na jua la ziwani.