Za mwizi arobaini, anayehesabu ni mwenzake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wenzangu wanaolalamika kwamba sinema za majambazi zinawaharibu vijana wetu hapa Tabora. Malalamiko yao nayaelewa. Sinema nyingi zinazoonyeshwa katika mabanda ya video humwonyesha jambazi akiondoka na fedha, naye mtafsiri akimshangilia kwa Kiswahili. Lakini zipo sinema za majambazi zinazofundisha kinyume cha hayo. Nazo ni zile za Ufaransa za miaka ya 1950 na 1960.

Chukua Touchez pas au grisbi, iliyoongozwa na Jacques Becker mwaka 1954. Max na rafiki yake Riton wameiba kilo 96 za dhahabu, na polisi hawana habari. Riton anajigamba kwa hawara yake. Hawara anaipeleka habari kwa jambazi mwingine aitwaye Angelo, naye anamteka Riton. Max analazimika kuitoa dhahabu yote ili amkomboe rafiki yake. Mwishoni dhahabu imepotea na Riton amekufa.

Mwaka uliofuata Jules Dassin alitoa Rififi. Wezi wanne wanavunja duka la vito mjini Paris, na kwa karibu nusu saa hakuna anayesema neno wala muziki hausikiki. Kazi inafanikiwa. Kisha mmoja wao, César, anampa mwanamke pete ya wizi, na alipobanwa anamtaja mwenzake. Sinema inapoisha wezi wote wanne wamekufa, na hakuna hata mmoja aliyekamatwa na polisi. Huyo César ameigizwa na Dassin mwenyewe, Mmarekani aliyenyimwa kazi kwao baada ya wenzake wa Hollywood kumtaja kuwa Mkomunisti. Usaliti aliujua.

Katika Le Doulos ya Jean-Pierre Melville, ya mwaka 1962, Maurice anaamini kwamba Silien ndiye anayewapasha polisi habari. Anapanga auawe, kisha anagundua kuwa siye. Anakimbia kuzuia, lakini hafanikiwi, na wote wawili wanakufa. Maana yake, wezi hawahitaji hata usaliti wa kweli. Shaka peke yake inatosha.

Wahenga walisema za mwizi arobaini. Sinema hizi zinaonyesha kwamba anayezihesabu si askari, ni mwenzake.

Nasi wa Tabora hatuna haja ya kwenda Paris kujifunza jambo hilo. Mji wetu ulikua kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, njia ya meno ya tembo na ya watu walioibwa makwao wakauzwa. Utajiri wa namna hiyo haukuwaacha walioshirikiana wakae kwa amani. Mtemi Mnywa Sere alipotaka ushuru wa bidhaa, wafanyabiashara Waarabu walimwondoa kwa bunduki mnamo mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa, mtu wa ukoo wake. Mnywa Sere akaingia porini, akaisumbua misafara hadi alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo akaifunga njia. Mwaka 1893 Wajerumani walipolivunja boma la Mtemi Isike, yeye alijilipua kwa baruti, na kiti kikapewa Nyaso wa ukoo huohuo. Mgeni alimtumia ndugu dhidi ya ndugu, kwa sababu mwanya ulikwisha kuwepo.

Kijana anayeshawishiwa leo kuingia katika genge haambiwi hayo. Huambiwa kwamba genge ndilo ndugu zake, na kwamba wa kumwogopa ni polisi tu. Huo ndio uongo unaowamaliza, na kupiga marufuku sinema hakuwezi kuuondoa.

Kwa hiyo nawaomba watafsiri wetu wa mabanda ya video wazishughulikie sinema hizi kwa Kiswahili chao chenye ladha. Wasiishie pale kabati la fedha linapofunguliwa. Waendelee hadi kwenye mgawo, maana hapo ndipo wezi wanapomalizana. Walimu wa historia nao wawaeleze wanafunzi habari za Mnywa Sere na Isike bila kuficha nani alimgeuka nani.

Nawasilisha.

Msomaji wako,
Tabora.