Njaa ya Masisi na Tumbo la Kushonwa Marekani

Tarehe 20 Machi 1993, siku ya soko, wenye silaha walivamia Ntoto, wilaya ya Walikale, mashariki mwa Kongo, wakaua watu. Mauaji yakapanda milima mpaka Masisi, na katika miezi michache zaidi ya watu laki mbili wakawa hawana makwao. Maharage yalibaki shambani bila wa kuvuna, ng'ombe wakaporwa. Mtoto aliyekuwa tumboni mwaka ule, mama yake akilala porini na kula kinachookoteka, leo ana miaka thelathini na kitu. Huenda anaishi Louisville, Dayton au Abilene. Huenda pia amefika kilo 110, na daktari amemtajia kushonwa tumbo kwa kamera, bila kupasuliwa.

Naanzia Ntoto makusudi. Maelezo mengi ya tiba hii huanzia kwenye soda na kukaa garini, kana kwamba mwili wa mgonjwa ulizaliwa siku aliposhuka uwanja wa ndege.

Tiba yenyewe kwanza. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, na kwenye ncha yake kifaa chenye sindano iliyopinda. Akifika tumboni hushona kutoka ndani: hushika ukuta upande ule mrefu uliobinuka, hupitisha uzi, huukaza, ukuta unakunjamana. Hurudia hivyo mpaka mfuko uliokuwa ukibeba lita moja na zaidi unabaki bomba jembamba, ujazo umepungua kwa kiasi cha asilimia 70. Kazi yote huchukua saa moja hadi moja na nusu. Katika upasuaji wa kawaida wa kupunguza tumbo, zaidi ya robo tatu yake hukatwa na kutupwa. Hapa hakuna kinachokatwa wala kovu la nje, na wengi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake. Nafasi kupungua si kazi yote. Tumbo lililoshonwa pia huchelewa kusukuma chakula kwenda mbele, kwa hiyo shibe huja mapema na hukaa.

Wazo la kupunguza nafasi ya tumbo bila kukata si la jana. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu puto la Garren-Edwards, lililojazwa hewa ndani ya tumbo. Likaleta vidonda, mengine yakanywea na kuziba utumbo, na kabla ya muongo ule kwisha likatoka sokoni. Maputo mapya yalirudi 2015, na Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza kuyaweka 2022. Ushonaji una historia fupi zaidi: ripoti ya madaktari wa Mayo Clinic ilitoka 2013, na mwaka 2022 jarida la Lancet likachapisha jaribio la watu 209 katika vituo 9 vya Marekani. Baada ya mwaka, walioshonwa walikuwa wamepunguza asilimia 13.6 ya uzito wao. Walioachiwa lishe na mazoezi peke yake, asilimia 0.8. Madhara makubwa yaliwapata kama wawili katika kila mia. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikakiruhusu kifaa hicho kwa wenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) kati ya 30 na 50.

Kwa mtu wa kilo 110, hizo ni kilo 15. Anayetarajia 40 aulize habari za upasuaji. Sindano za semaglutide nazo zilipunguza karibu asilimia 15 katika wiki 68 za majaribio, ila walioziacha walirudisha sehemu kubwa ya uzito ndani ya mwaka.

Sasa nirudi kwenye njaa, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na watu wakala vitunguu vya maua. Mwaka 1976 watafiti walichapisha walichokikuta kwenye kumbukumbu za vijana wapatao 300,000 waliopimwa kwa ajili ya jeshi wakiwa na miaka 19. Wale ambao mama zao walishinda na njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walinenepa kupita kiasi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Miaka hiyohiyo ya vita, huko Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa nusu mwaka. Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula wakapita shibe, na mafuta ya mwili yakarudi zaidi ya yalivyokuwa mwanzo.

Sidai kwamba kila mnene wa kwetu ni mtoto wa vita. Kazi ya usiku kiwandani na usingizi wa kuibia vina sehemu yao. Lakini kambi ya Gihembe, ya wakimbizi wa Kongo kule Rwanda, ilifunguliwa 1997 ikafungwa 2021. Kuna waliozaliwa mle, wakakua kwa mgao mle, wakaolewa mle. Daktari anayeuliza nani ana kisukari katika ukoo, asiulize mgonjwa alikula nini kambini, ameandika nusu ya faili.

Na Masisi si nchi ya njaa kwa asili. Ndiyo iliyolisha Goma maziwa, jibini, viazi na maharage. Njaa ya kule huletwa na bunduki. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, Machi wakaingia mji wa Walikale. Katika hospitali kuu ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwapo tangu 2007, mtoto huzungushiwa utepe mkononi, na chini ya milimita 115 huhesabiwa ana utapiamlo mkali. Mjukuu anapimwa mkono kule, shangazi anapimwa kiuno Ohio.

Ukiamua kushonwa, jiandae kwa majimaji matupu wiki za mwanzo, kisha vyakula laini. Bugali na sombe vitarudi, ila kwa kiasi cha kiganja. Mwenyeji wa kwetu atakasirika ukiacha sahani, na habari kwamba umekonda itafika Goma kabla yako, ikiwa na ugonjwa wa kubuniwa. Mwambie mama mapema. Wanawake hushauriwa kungoja takriban mwaka kabla ya kubeba mimba, jambo la kuzungumza na mume kabla ya mshono, si baada. Vidonda vya tumbo lazima vitafutwe na kutibiwa kwanza. Bakteria Helicobacter pylori hupatikana zaidi kwa waliokulia kwenye msongamano na maji ya shida, yaani wengi wetu. Bima nyingi hazilipi, na bei hufika maelfu ya dola.

Aliyewahi kulala njaa anaweza kuona kuacha chakula kwenye sahani ni kazi ngumu kuliko mshono wenyewe. Omba mshauri wa lishe, na umsimulie miaka ya porini na ya kambini. Usimpe mwanao kazi ya kutafsiri hayo: hospitali za Marekani zinazopokea pesa za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bure, na ukipiga simu ya kuweka miadi unaweza kuomba anayetoka Kongo.