Kuhesabiwa Haki kwa Neema: Je, Imani Ni Malipo Yetu?

Fundisho la kuhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani ndilo msingi wa mahubiri ya Kanisa letu la Kilutheri. Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karl V tarehe 25 Juni 1530, lililiweka katika kifungu chake cha nne: mwanadamu hana cha kumpa Mungu ili akubaliwe naye; hukubaliwa bure, kwa ajili ya Kristo, anapoamini. Maneno haya kila mwanafunzi wa kipaimara huyasikia. Lakini je, tunayaelewa vema tunapoyahubiri?

1. Neno "haki"

Katika usemi wetu wa kila siku, haki ni kitu kinachodaiwa. Kibarua aliyemaliza kazi husema, "Nipe haki yangu"; aliyedhulumiwa shamba huenda mahakamani kudai haki. Msharika ajaye kanisani na maana hiyo atasikia "haki ya Mungu" kuwa ni deni ambalo Mungu anamdai. Martin Luther naye, alipokuwa mtawa, aliisikia kama tishio. Katika dibaji aliyoiandika mwaka 1545 alisimulia jinsi alivyolichukia neno hilo katika Warumi 1:17, hata alipofahamu kwamba Mtume asema juu ya haki ambayo Mungu humpa mwenye dhambi kuwa zawadi.

Katika Warumi 4 Paulo atenganisha mambo hayo mawili. Ujira wa mfanyakazi ni deni, wala si neema. Bali Ibrahimu hakulipwa ujira, alihesabiwa. Kitenzi cha Kigiriki logizomai, kilichotumika pia katika mambo ya hesabu, kimo mara 11 katika sura hiyo moja. Kuhesabiwa haki, basi, ni kuandikiwa katika daftari kile ambacho hatukukichuma. Aliyekichuma ni Kristo.

2. Imani si malipo

Hapa pana hatari. Mtu akiisha kukubali kwamba matendo hayaokoi, huweza kuigeuza imani yenyewe kuwa tendo jipya, tena gumu kuliko yote. Mgonjwa asiyepona huambiwa kwamba imani yake ni haba. Mama aliyefiwa na mtoto hujiuliza kama hakuamini vya kutosha. Hivyo sheria iliyotolewa nje kwa mlango wa mbele hurudi kwa mlango wa nyuma.

Waefeso 2:8 hutuonya kwa mpangilio wake: neema ndiyo chanzo, imani ndiyo njia. Mkono wa mwombaji haununui mkate unaowekwa ndani yake. Luther, katika maelezo yake ya Wagalatia ya mwaka 1535, alitumia mfano wa pete iliyoshika kito: thamani ni ya kito. Baba yule wa Marko 9:24 alikuja na imani iliyochanganyika na kutokuamini, wala Yesu hakumfukuza. Nasi tubatizapo watoto wachanga, twakiri jambo hilohilo: Mungu hutangulia kutoa kabla sisi hatujaweza kuleta lo lote.

3. Matendo yana nafasi gani?

Wengine huogopa kwamba fundisho hili litazaa uvivu. Lakini Waefeso 2:10 hufuata mara moja: tumeumbwa katika Kristo tutende mema. Yakobo naye, asemapo juu ya imani isiyo na matendo, anaikemea imani ya kukubali kwa akili tu, ambayo hata mashetani wanayo (Yakobo 2:19). Mti hauzai ili uwe hai. Huzaa kwa kuwa u hai.

Juu ya kiini hiki, tarehe 31 Oktoba 1999 huko Augsburg, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Tofauti zote hazikuisha, lakini kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, hilo lilikiriwa pamoja.

Kwa hiyo mchungaji aitwapo kando ya kitanda cha mgonjwa, asianze kuipima imani ya huyo mgonjwa. Amhubirie Kristo, ampe Chakula cha Bwana, amkumbushe ubatizo wake. Imani hushika kile inacholetewa. Tusipomletea Kristo, tumemwacha ashike mikono yake mwenyewe mitupu.