"Acha Kwanza, Ndiyo Urudi": Somo Kutoka Kings Cross

Baada ya kipindi chetu kuhusu vijana na dawa za kulevya, swali lililorudi sana ni hili: sasa mtu ampeleke wapi? Kwa sisi tuliokulia huku Sydney ni swali zito. Nyumbani tumelelewa tukijua kuwa teja ni aibu ya ukoo mzima. Wazee wanamwambia, "Acha kwanza, ndiyo urudi." Mlango unafungwa, na yeye anaishia kulala nje.

Wayside Chapel ilianza kwa kugeuza sentensi hiyo: rudi kwanza.

Mwaka 1964 mchungaji wa Kimethodisti, Ted Noffs, alifungua vyumba vichache kwenye fleti pale Hughes Street, jirani na Kings Cross, mtaa wa baa na madanguro. Kulikuwa na kanisa dogo na mahali pa kunywa kahawa. Unakuja ulivyo, unakaa, unaongea. Kuanzia 1967 askari wa Marekani walikuja mapumzikoni kutoka vita vya Vietnam, na heroini ikashika mtaa. Noffs akaongeza huduma ya kuwashauri watumiaji. Wapo waliomshtaki kanisani kwa uzushi, lakini watu wakazidi kuja.

Mwaka 1999 vijana wengi walikuwa wanafia vichochoroni kwa kuzidisha dozi. Wayside, chini ya mchungaji Ray Richmond, ikafungua chumba cha kujidunga kwa usalama, kinyume cha sheria. Polisi wakavamia. Lakini mjadala haukuzimika, na Mei 2001 kituo halali kilifunguliwa Kings Cross, kikiendeshwa na Uniting Church. Katika miaka 20 ya kwanza, hakuna aliyefia ndani yake kwa kuzidisha dozi. Yaani maiti hawezi kuacha unga; lazima awe hai kwanza.

Leo Wayside ina jengo jipya palepale, lililofunguliwa 2012, na nyumba nyingine Bondi. Unapata bafu, nguo safi, chakula, na mtu wa kukusaidia kutafuta makazi au tiba. Hakuna anayekuuliza dini. Kwa mwanaume asiye na pa kulala, kuna hosteli ya Matthew Talbot ya Wakatoliki, Woolloomooloo, huduma iliyoanza 1938.

Najua mtoto wa mtu atasikia, "Hayo mambo ya wazungu." Si kweli. Muhimbili, Dar es Salaam, wanatoa methadoni tangu 2011, na mgonjwa anaanza dawa akiwa bado na arosto. Zanzibar nako kuna sober house zinazoendeshwa na watu waliowahi kubwia wenyewe.

Kwa hiyo mama, baba, shangazi: hamlazimiki kukubaliana na kila kitu hapo juu. Ila kama kijana wako anatumia, usisubiri awe msafi ndiyo umpigie simu. Mpigie leo. Muulize amekula nini.