Kuangalia ndege si mambo ya wazungu: namna ya kutembelea delta ya Rusizi

Wandugu, kwetu Uvira ukisema unaenda kuangalia ndege, watu wanakuuliza: "Wa kula, ao wa kuangalia tu?" Wanaona ni mambo ya wazungu wenye darubini shingoni. Na sisi wa agronomia ndiyo wabaya zaidi: kwa mwenye mpunga, ndege ni mwizi, basi. Nataka kueleza juu ya nini mimi napenda kwenda kule, na namna gani na wewe unaweza kutoka huko na kitu cha maana.

Mbuga ya Rusizi iko upande wa Burundi, karibu na Gatumba, kati ya Uvira na Bujumbura. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya bahari, na unashuka mpaka Ziwa Tanganyika, karibu mita 770. Maji yanayoshuka hivyo yanabeba udongo wa milima yetu. Yakifika kwenye uwanda, yanapunguza mwendo, matope yanakaa chini, na delta inajengeka: mchanga, matete marefu, maji yaliyotulia. Tangu 2002 mahali hapo pako kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa mataifa wa kulinda maeneo ya majimaji.

Sasa ndege. Kila mmoja anakuambia kitu juu ya mahali unapomuona. Kuko kadogo keusi na keupe kanakosimama hewani, mabawa yakipiga, kisha kanajitupa majini. Kanawinda kwa macho. Maji yakijaa matope, hakaoni samaki. Kuko mwingine ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu. Anaruka chini chini akikata maji kama jembe la ng'ombe, na samaki mdogo akigusa ule mdomo, unafunga. Huyo anataga juu ya mchanga mtupu, kwa hiyo kundi la ng'ombe likipita pale, mayai yamekwisha. Na kuanzia karibu Oktoba mpaka Machi utakuta wageni waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, kama vile mbayuwayu.

Halafu yangeyange, wale weupe ambao Warundi wanaita inyange. Wanafuata ng'ombe juu miguu ya ng'ombe inafukuza panzi kwenye majani, na panzi ndiye chakula chao. Hawa hawali mpunga. Mwenye kula mpunga ni kwelea kwelea na jamaa zake, wenye mdomo mfupi na mnene wa kuvunja mbegu. Angalia mdomo kwanza, kisha uamue nani adui. Mkulima anayefukuza wote pamoja anafukuza hata wanaomsaidia.

Nyumba ya ndege wengi wa pale ni matete, na hapo ndipo kazi yetu inaingia. Mizizi yake inashika udongo, na mashina yanapunguza nguvu ya maji, hivyo matope na mbolea za mashamba havifiki vyote ziwani. Mwaka 2024 tuliona ziwa likiingia ndani ya nyumba, Uvira na Gatumba. Matete hayawezi kuzuia ziwa kupanda. Tanganyika inapata maji mengi ya mvua na ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Lakini ukingo wenye matete unavumilia mawimbi kuliko ukingo uliolimwa mpaka kwenye maji. Tukikata yote kwa ajili ya shamba la misimu miwili, tunapoteza udongo, samaki na ndege kwa pamoja.

Kama unataka kwenda, uliza kwanza hali ya usalama na kama mpaka wa Kavimvira uko wazi, na uwe na vitambulisho vyako. Fika asubuhi mapema, kabla jua halijakuwa kali. Ndege wanakula saa hizo. Ingia na kiongozi wa mbuga. Kule kuko viboko na mamba, na kiboko akitoka majini hana mchezo: usikae kati yake na maji. Kwenye mtumbwi, keti. Usisimame kwa sababu ya picha. Kama hauna darubini, si neno. Chukua daftari, andika saa, mahali, rangi, mdomo, na kile ndege alichokuwa anafanya.

Na anayetafuta somo la memwari, hili ni moja lisilohitaji mashine: chagua mashamba machache ya mpunga uwandani, Sange ao Luberizi, uhesabu kila juma ndege wa kila aina na uangalie wanakula nini. Wakulima watataka kusikia jibu.